Sesiamu isiyokuwepo: kisa cha ugezi wa nishati katika maabara moja Dodoma

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa fizikia ya nyuklia na mafundi wanaotumia vigunduzi vya gama. Majina, mwaka na kila alama inayoweza kumtambulisha mtu au chuo vimeondolewa. Namba za fizikia zimeachwa kama zilivyo, maana ndizo zenye mafunzo.

Usuli

Maabara ni chumba kimoja chenye paa la bati na madirisha ya luva yanayotazama magharibi. Anayeijua Dodoma anajua maana ya hayo mwezi wa Julai: alasiri jua linapiga ukuta mpaka chumba kinafuka joto, na usiku upepo wa baridi unapita kwenye luva kama mlango uko wazi.

Kigunduzi chao ni fuwele ya sodiamu ayodaidi, inchi tatu kwa tatu, iliyobanwa kwenye tyubu ya kukuza mwanga. Matofali ya risasi yamepangwa kuizunguka, na juu pako wazi. Mwale wa gama ukiingia kwenye fuwele hutoa mmweko wa mwanga. Tyubu hugeuza mmweko huo kuwa pigo la umeme, na ukubwa wa pigo hupewa namba ya chaneli, kuanzia 0 hadi 1023. Chombo hakijui kiloelektronivolti (keV), kipimo cha nishati ya mwale, ni nini. Kinachokijua ni chaneli tu. Ugezi wa nishati, au kalibresheni kama wengi wanavyosema, ndio unaokiambia kwamba chaneli ya 245 ni keV 662.

Kwa kazi hiyo maabara ilikuwa na sahani mbili ndogo za plastiki: sesiamu-137, yenye mwale wa keV 661.657, na kobalti-60, yenye miale ya keV 1173.23 na 1332.49. Zilinunuliwa pamoja, kila moja ikiwa na kilobekereli 37, yaani atomi 37,000 zinazovunjika kila sekunde. Kobalti ilikuwa imepita nusumaisha (muda wa nusu ya atomi kuvunjika) tatu za miaka 5.27, kwa hiyo nguvu yake ilibaki moja ya nane. Alama zote tatu za ugezi ziko kati ya 660 na 1335. Chini na juu ya hapo mstari ulikuwa unarefushwa kwa rula na matumaini.

Mwanafunzi wa uzamili alikuwa anapima udongo wa majaruba ya mpunga wilayani Bahi. Swali lake lilikuwa la msingi: ukanda wa Bahi na Manyoni una urani karibu na uso wa ardhi, hasa kwenye mabonde yanayojaa maji msimu wa mvua, na watu wanalima humo. Sampuli zilianikwa, zikachekechwa, zikafungwa kwenye makopo yasiyopitisha hewa kwa karibu mwezi mzima. Sababu ya kungoja ni kwamba gesi ya radoni-222, yenye nusumaisha ya siku 3.8, inahitaji muda huo ili ijikusanye tena na kulingana na mzazi wake, radiamu-226, pamoja na watoto wake (atomi zinazozaliwa inapovunjika), risasi-214 na bismuthi-214. Hao ndio wanaotoa miale tunayoipima. Sehemu hii ilifanywa vizuri, wala haikuwa na tatizo lolote.

Mtiririko wa matukio

Ugezi ulifanyika saa tisa alasiri, chumba kikiwa na nyuzi joto 28. Mstari ulipita kwenye alama zote tatu bila wasiwasi. Mwanafunzi alikusudia kuanza kupima jioni ile ile, lakini umeme ulikatika. Uliporudi, karibu saa nne usiku, aliwasha mitambo, akasubiri volteji ipande, akaweka kopo la udongo na kuliacha lipimwe hadi asubuhi. Ugezi hakuurudia, kwa sababu mwongozo wa maabara ulisema ufanyike "mara moja kwa siku", naye alikuwa ameshaufanya.

Asubuhi programu ilimpa orodha ya isotopu, yaani aina za atomi ilizodhani zimo. Akamfuata msimamizi wake.

"Shikamoo Dokta. Kuna sesiamu Bahi."

"Marahaba. Umeipata wapi?"

"Kwenye jaruba. Na kobalti-60 pia."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili, Dokta."

"Haya. Kabla hujamwambia mtu yeyote, fungua kabati tuone kama sahani zetu zipo."

Bahati mbaya alikuwa ameshamwambia mtu. Alimpigia afisa ugani aliyemsaidia kukusanya sampuli, kwa furaha ya kupata kitu. Kabla ya saa nne asubuhi afisa huyo akapiga tena, safari hii sauti yake imebadilika: mpunga umeshavunwa, magunia yako barazani, je, watu wauze au wasiuze?

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuhesabu vyanzo, nao ulikuwa sahihi. Sesiamu-137 na kobalti-60 hazipatikani udongoni kwa asili. Sesiamu kidogo ipo katika udongo wa dunia nzima kutokana na majaribio ya mabomu ya karne iliyopita, lakini kobalti-60 shambani ingekuwa na maana ya chanzo kilichopotea au kilichotupwa, na hilo ni jambo la kuripotiwa kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania bila kusubiri. Sahani zote mbili zilikuwepo kabatini, nzima, bila ufa. Kitambaa kilichopanguswa juu yake hakikuonyesha uchafu wowote wa mionzi.

Afisa ugani alijibiwa na Dokta mwenyewe: "Ndugu yangu, kijana amesoma mashine kabla hatujaihakiki. Hakuna tulichokipata mpaka sasa cha kumzuia mtu kuuza. Nitakupigia mimi." Ninalipenda jibu hili kwa sababu halikusema udongo ni salama. Lilisema kipimo hakijawa kipimo.

Kisha kukatokea mabishano. Fundi wa maabara alisema vyanzo vimezeeka, kobalti imechoka, inunuliwe mpya. Hoja hii nimeisikia katika maabara nyingi na inafaa ijibiwe kikamilifu. Uzee wa chanzo hupunguza idadi ya miale kwa sekunde, hivyo huathiri hesabu ya ufanisi na huongeza muda wa kusubiri. Nishati ya kila mwale haibadiliki. Atomi ya mwisho kabisa ya kobalti-60 itatoa keV 1332.49 ile ile. Kununua sahani mpya kungetumia bajeti ya mwaka na kosa lingebaki pale pale. Dokta alikataa, akaagiza spektra (mchoro wa idadi ya mapigo kwa kila chaneli) ifunguliwe kwenye skrini, kila mtu aitazame yeye mwenyewe badala ya kusoma orodha ya programu.

Mambo mawili yalionekana, na yote yangeweza kuonekana dakika ya kwanza. La kwanza: vilele viwili vya "kobalti", yaani nundu mbili za mchoro zilizopewa jina hilo, havikuwa na uwiano wa kobalti. Kobalti-60 hutoa miale yake miwili karibu sawa kwa sawa, zaidi ya 99 kwa kila atomi 100 zinazovunjika, kwa hiyo vilele vyake hukaribiana kwa ukubwa. Hapa cha kwanza kilikuwa zaidi ya mara mbili ya cha pili. La pili lilikuwa kubwa zaidi: hapakuwa na kilele cha potasiamu-40 mahali pake. Potasiamu iko kwenye udongo, saruji ya ukuta, na hata mwilini mwa anayepima. Spektra ya udongo isiyo na kilele cha 1460.8 imekosewa, na hapo huhitaji kujadili lingine lolote. Badala yake kulikuwa na kilele kizuri mno kwenye 1542 ambacho programu ilikiandika "hakijulikani".

Walipopanga vilele dhidi ya miale ya watoto wa urani, mambo yakakaa hivi:

| Mwale halisi (keV) | Ulipoonekana (keV) | Programu iliuita |
|---|---|---|
| 609.3, bismuthi-214 | 642 | sesiamu-137 |
| 1120.3, bismuthi-214 | 1183 | kobalti-60 |
| 1238.1, bismuthi-214 | 1305 | kobalti-60 |
| 1460.8, potasiamu-40 | 1542 | haujulikani |
| 1764.5, bismuthi-214 | 1860 | haujulikani |

Gawanya safu ya pili kwa ya kwanza: kila mstari unatoa takriban 1.055. Spektra nzima ilikuwa imevutwa juu kwa asilimia tano na nusu. Programu ilikuwa imeruhusiwa kutafuta isotopu ndani ya asilimia 4 ya kila kilele, basi bismuthi ikawa mbali mno na jina lake na karibu mno na jina la mwingine. Mwale wa thaliamu-208 (wa familia ya thoriamu), keV 2614.5, ambao kila mtu huutegemea kama nanga ya upande wa juu, ulikuwa umesukumwa hadi ukingoni mwa chaneli ya mwisho na nusu yake imekatwa. Ndiyo maana hakuna aliyeuona.

Swali lililobaki: nini kiliivuta? Washukiwa walikuwa wawili, na usiku ule walikuja pamoja. Umeme ulizimwa na kuwashwa, na kwa tyubu nyingi badiliko la asilimia 1 la volteji hubadili ukuzaji kwa takriban asilimia 7. Volteji kupanda hata kwa asilimia 0.8 kungetosha, na onyesho la mtambo lisingekushtua. Mshukiwa wa pili ni baridi. Fuwele hii na tyubu yake hutoa pigo kubwa zaidi zikipoa, na kwa pamoja mara nyingi hufikia takriban nusu asilimia kwa kila nyuzi.

Jaribio la kuwatenganisha lilikuwa rahisi. Mtambo uliwashwa na kuachwa bila kuguswa, ukitumia betri ya akiba ili umeme usiingilie. Sahani ya sesiamu ikawekwa mbele ya fuwele na kipimajoto cha kawaida kikaning'inizwa kando. Alasiri kilele kilikaa 662. Saa kumi na mbili asubuhi, nyuzi 17, sahani ile ile, volteji ile ile: 698. Kufikia mchana kilikuwa kimerudi 665. Mlinzi wa usiku, mzee ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, ndiye aliyekamilisha picha. Alisema luva zile huachwa wazi kila siku kwa sababu ya joto la jioni, na yeye akizunguka usiku huona mapazia yanapepea.

Fundi alitaka kuleta hita iwashwe usiku. Hilo nalo lilikataliwa, na kwa haki: fuwele kubwa ya sodiamu ayodaidi ikipashwa haraka hupasuka, na hakuna anayeiunga tena.

Matokeo

Sampuli ilipimwa upya, safari hii kwa vipande vya saa moja moja badala ya usiku mzima kwa mkupuo. Kila kipande kilisahihishwa kwa kilele chake chenyewe cha 1460.8, halafu vyote vikajumlishwa. "Sesiamu" ikarudi 609, "kobalti" ikawa 1120 na 1238, na vilele vikawa vyembamba kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa havikuwa vinatembea huku vikihesabiwa. Udongo ulikuwa na kilichotarajiwa: familia ya urani, familia ya thoriamu, na potasiamu.

Dokta alipiga simu Bahi kama alivyoahidi. Magunia yakaenda sokoni.

Uchambuzi: namba 661.657 inatoka wapi

Katikati ya mabishano mwanafunzi aliuliza swali ambalo nadhani ndilo bora katika kisa chote: "Sasa hiyo 661.657 nani aliipima, na yeye aligeza kwa nini?" Maabara nyingi hazilijibu, zinaelekeza kwenye jedwali.

Mnyororo unaishia kwenye fuwele ya aina nyingine. Mwale wa gama ukipita kwenye silikoni safi sana, safu za atomi huupinda kwa pembe ndogo. Kwa mwale wa keV 411.8 pembe hiyo haifiki hata digrii moja, maana urefu wa wimbi lake ni kama pikomita 3 tu. Ukiijua pembe, na ukijua nafasi kati ya safu za atomi, unapata urefu wa wimbi. Nafasi hiyo nayo imepimwa dhidi ya mwanga wa leza: pande za chembe ya msingi ya fuwele ya silikoni zina urefu wa nanomita 0.5431. Urefu wa wimbi hugeuzwa kuwa nishati kwa kutumia namba isiyobadilika ya Planck na kasi ya mwanga, na tangu mfumo wa vipimo wa kimataifa ulipofanyiwa mageuzi mwaka 2019, viwili hivyo vina thamani zilizowekwa moja kwa moja, bila shaka ya upimaji.

Mwale unaoshika nafasi ya nanga katika kazi hiyo ni wa dhahabu-198. Orodha ya viwango iliyochapishwa mwaka 2000 inaupa keV 411.80205, na shaka yake iko kwenye tarakimu mbili za mwisho. Dhahabu-198 ina nusumaisha ya siku 2.7, kwa hiyo kiwango bora kuliko vyote hakiwezi kuwekwa kabatini. (Dhahabu ya Geita haisaidii: yote ni dhahabu-197, imetulia, mpaka uiingize kwenye kinu cha nyuklia ipigwe na nyutroni.) Miale mingine hupimwa kwa kulinganishwa na hiyo, hatua kwa hatua, na hukaguliwa kwa hesabu nzuri ya kiini chenyewe: miale miwili inayofuatana ikijumlishwa lazima ilingane na mmoja unaoshuka moja kwa moja, ukirekebisha nishati ndogo inayochukuliwa na kiini kinaporudi nyuma.

Sesiamu ikapatikana kwa njia hiyo, 661.657, na shaka ya keV 0.003. Maabara yetu iliikosa kwa 36. Hakuna udhaifu wowote kwenye kiwango. Kiwango kilifika salama mpaka Dodoma, mpaka kwenye chaneli ya 245, saa tisa alasiri, kisha kikaachwa hapo wakati spektra inaendelea kusogea usiku kucha bila nanga.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kilichofaa zaidi ni mpangilio wa hatua: hesabu vyanzo kwanza kwa sababu hatari halisi haisubiri, nyamaza hadharani, soma spektra kwa macho, ndipo urudie kipimo. Wangeanza kwa kurudia, huenda wangepima mchana, vilele vikakaa sawa, na wasingejua kamwe usiku ule ulikuwa na nini.

Mwongozo wa "mara moja kwa siku" ndio ulioshindwa, na simlaumu mwanafunzi aliyeufuata. Uliandikwa kwa chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa. Sasa mwongozo unataka ugezi mwanzoni na mwishoni mwa kila kipimo, na kipande chochote ambacho potasiamu imesogea zaidi ya asilimia 1 kisahihishwe au kitupwe. Uhuru wa asilimia 4 uliopewa programu nao ulikuwa mkubwa mno, ukiwa umeoanishwa na orodha ya isotopu chache. Programu iliyopewa majina machache na ruhusa kubwa haikosi cha kusema.

Alama za ugezi zimeongezwa bila gharama ya maana. Kloridi ya potasiamu, ile inayouzwa kama mbolea kwenye maduka ya pembejeo, ina takriban bekereli 16,000 za potasiamu-40 kwa kilo ikiwa safi, na mfuko wake kando ya kigunduzi hutoa kilele cha 1460.8 kwa dakika chache. Utambi wa karabai wa zamani, uliokuwa na thoriamu, umefungwa kwenye plastiki mbili na haufunguliwi. Huo hutoa 238.6, 583.2 na 2614.5. Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo jingine: mstari ulionyooka uliopita vizuri kwenye alama za juu haukukaa sawa kwenye 238.6. Fuwele hii hutoa mwanga mwingi kidogo kwa kila keV kwenye nishati ndogo, kwa hiyo mstari unapaswa kupinda, na kwa alama tatu za zamani hakuna ambaye angeona mpindo huo. Sasa wanatumia mlinganyo wa daraja la pili.

Jambo moja halijatatuliwa, na kwa chombo hiki halitatatuliwa. Bismuthi-214 ina mwale dhaifu wa keV 665.4. Kati yake na sesiamu hakuna hata keV 4, na kilele cha fuwele hii katika eneo hilo kina upana wa takriban 50. Kigunduzi cha jemani (germanium), chenye upana usiofika keV 2 hapo, kingevitenganisha. Kwa sababu hiyo Dokta alikataa sentensi ya mwanafunzi iliyosema "udongo hauna sesiamu". Baada ya kuvutana kidogo, jedwali la tasnifu likaandikwa "chini ya kiwango cha ugunduzi cha chombo hiki", kiwango chenyewe kikawekwa kando yake, na kopo moja likatumwa kwenye maabara nyingine yenye jemani. Luva za magharibi zimezibwa kwa mbao na vipande vya godoro, na kipimajoto kimefungwa kwenye tofali la risasi, kikisomwa kila saa pamoja na spektra.